Meli Hujiinua, Mtu Hajiinui: Jinsi Wajerumani Wanavyojenga Vyombo vya Uokoaji

Tarehe 23 Februari 1967, tufani ikiwa inaipiga Ghuba ya Ujerumani, meli ya uokoaji Adolph Bermpohl, ambayo kituo chake kilikuwa kisiwa cha Helgoland, ilikwenda kuwatafuta wavuvi wa Kiholanzi waliokuwa wakiangamia na chombo chao, Burgemeester van Kampen. Wavuvi watatu walipatikana wakiwa hai na wakachukuliwa. Baada ya hapo redio ilinyamaza. Siku iliyofuata meli ile ilionekana ikielea yenyewe, injini ikiwa bado inazunguka, na ndani hapakuwa na mtu hata mmoja. Boti yake ndogo, Vegesack, ilikutwa mahali pengine imepinduka, mkuku juu. Mabaharia wanne wa uokoaji na wavuvi watatu waliokwisha kuokolewa walikufa wote. Meli yenyewe ilifanyiwa matengenezo, ikarudishwa kazini na kuendelea kuhudumu kwa miaka mingi.

Mtu akisoma maandishi ya kitaalamu kuhusu vyombo vya uokoaji vya Ujerumani, atakutana na sifa za kasi, uwezo wa injini na uimara wa bodi, na sifa hizo zote ni za haki. Mimi naona kwamba ukitaka kuvielewa vyombo hivi sharti uanzie kwenye ile meli tupu. Chombo kilitimiza yote ambayo mjenzi wake alikiahidi: hakikuzama, hakikuvunjika, na injini haikuzimika. Aliyeshindwa ni mwili wa binadamu uliokuwa nje ya bodi ile kwa dakika chache. Tangu siku hiyo, kila mabadiliko ya maana katika michoro ya wahandisi wa Bremen na wajenzi wa mto Weser yamekuwa, kwa maoni yangu, majaribio ya kujibu swali moja: mwokoaji awezeje kufanya kazi yake bila ya kutoka nje, ilhali kazi yenyewe iko nje?

Shirika linaloendesha vyombo hivyo huitwa kwa kifupi DGzRS, yaani Shirika la Ujerumani la Kuwaokoa Waliovunjikiwa na Meli. Liliundwa Kiel tarehe 29 Mei 1865, likaweka makao yake Bremen, na tangu mwanzo limekuwa chama cha wananchi wala si idara ya serikali. Sababu ya kuundwa kwake inafaa kukumbukwa kwa sababu ndiyo iliyoamua sura ya vyombo vyenyewe. Mwezi Novemba 1854, meli ya wahamiaji iliyoitwa Johanne, ikiwa safarini kutoka Bremerhaven kwenda Marekani, ilikwama karibu na kisiwa cha Spiekeroog, na takriban watu 80 walikufa huku wakazi wa kisiwa wakiwaona kutoka ufukweni bila ya kuwa na chombo cha kuwafikia. Mwaka 1860 merikebu nyingine, Alliance, ilivunjikia Borkum, na mabaharia wake wote walikufa. Ni baada ya msiba huo wa pili ndipo Adolph Bermpohl, mwalimu wa unahodha huko Vegesack, akishirikiana na mwanasheria Carl Kuhlmay, alipotoa wito hadharani wa kuanzisha vituo vya uokoaji. Watu hawa hawakufia katikati ya bahari kuu. Walifia mahali ambapo mtu aliye nchi kavu angeweza kusikia sauti zao, juu ya mafungu ya mchanga, katika maji ambayo saa chache baadaye yangekupwa.

Hapo ndipo penye ugumu wote wa pwani ya Ujerumani. Upande wa Bahari ya Kaskazini, mbele ya bara na nyuma ya visiwa vya Frisia, kuna uwanda mpana wa tope na mchanga unaofunikwa na kufunuliwa mara mbili kwa siku, wenye mikondo inayohama na mafungu ambayo ramani ya mwaka jana haiyajui. Mvuvi wa Mafia au wa Lamu hahitaji kuelezwa maana ya maji kupwa, lakini aongezee hapo upepo wa kaskazini-magharibi unaosukuma mawimbi ya bahari kuu hadi juu ya fungu lenye kina kifupi, ambako wimbi husimama wima na kuvunjika kama ukuta unaoanguka. Chombo cha kupita juu ya fungu hilo kinatakiwa kiwe chepesi na kisizame sana majini. Chombo cha kwenda kilometa nyingi baharini katika tufani hiyo hiyo kinatakiwa kiwe kirefu, kizito, chenye kushika maji vizuri. Matakwa haya mawili hayakai katika bodi moja.

Kwa miongo mingi Wajerumani walichagua upande mmoja, wakatumia boti za makasia na baadaye boti ndogo za injini, zilizokuwa hodari karibu na pwani lakini za polepole na za mateso kwa safari ndefu. Jibu la kweli lilikuja katika miaka ya 1950. Mwaka 1953 chombo cha zamani kilibadilishwa na kuwa meli ya majaribio iliyopewa jina la Bremen, na mwaka 1957 ikafuata Theodor Heuss, iliyoitwa kwa jina la rais wa Ujerumani Magharibi wa wakati huo, yenye urefu wa takriban meta 23. Ubunifu wake ulikuwa katika tezi, sehemu ya nyuma ya chombo: badala ya sitaha ya kawaida, kulikuwa na mfereji wa mteremko ambamo boti nyingine kamili, yenye injini yake, ililala kama mtoto mgongoni mwa mama. Meli mama hukimbia hadi ukingo wa maji mafupi, mlango wa tezi hufunguliwa, boti mtoto huteleza kinyumenyume hadi majini na kwenda pale ambapo mama yake angekwama. Ikimaliza kazi hupanda tena mfereji ule kwa kutanguliza omo, yaani sehemu yake ya mbele, hunaswa na kuvutwa ndani. Wajerumani wenyewe huiita boti ya binti. Sisi kwa Kiswahili hatulazimiki kuipa jinsia.

Naliona wazo hili kuwa bora kuliko yote katika uhandisi wa uokoaji wa karne iliyopita, na uthibitisho ni kwamba halijatupwa hadi leo. Meli kubwa kuliko zote katika shirika hilo, Hermann Marwede, iliyoanza kazi Helgoland mwaka 2003 ikiwa na urefu wa meta 46, hubeba boti mtoto iitwayo Verena. Harro Koebke ya Sassnitz, iliyoanza kazi mwaka 2012 na yenye urefu wa meta 36 na ushei, hubeba Notarius. Meli za daraja la meta 28, zilizoanza na Ernst Meier-Hedde ya kisiwa cha Amrum mwaka 2015 na ambazo hukimbia zaidi ya kilometa 40 kwa saa, nazo zina mfereji ule ule katika tezi. Hata katika daraja dogo la meta 20, ambalo sehemu yake inayozama majini ni meta 1.3 tu na hivyo lenyewe karibu linatosha kupita mafunguni, nafasi ya tezi imeachiwa boti ndogo ya kazi.

Jambo moja katika boti hizi hunivutia kuliko injini zote, nalo ni mlango. Ubavuni, karibu kabisa na usawa wa maji, kuna kilango kinachofunguka ili mwokoaji apige magoti na kumvuta mtu ndani bila ya kumpandisha ukingo wa sitaha. Asiyewahi kujaribu kumtoa majini mtu mzima aliyelowa, aliyechoka, mwenye nguo nzito na vidole visivyoshika tena, anaweza kudhani kwamba sehemu ngumu ya uokoaji ni kumpata. Kumpata ni nusu tu ya kazi. Katika majira ya baridi maji ya bahari zile hushuka hadi nyuzi chache juu ya sifuri, na mtu aliyekaa humo kwa muda huwa anaishi kwa msaada wa maji yenyewe, ambayo mgandamizo wake huizuia damu isikimbilie miguuni. Akiinuliwa wima ghafla, shinikizo la damu huporomoka, na wapo waliofariki wakiwa tayari mikononi mwa waokoaji wao. Kwa hiyo inafaa mtu atolewe akiwa amelala, taratibu, kisha apelekwe kwenye chumba cha matibabu kilichomo melini. Kilango kile cha ubavuni ni tiba iliyogeuzwa kuwa umbo la chombo.

Sifa inayotajwa zaidi katika meli hizi ni uwezo wa kujiinua zikipinduka, na mara nyingi hutajwa kana kwamba ni muujiza. Ni hesabu ya uzito na hewa tu. Injini na matangi huwekwa chini kabisa, karibu na mkuku. Sehemu ya juu, chumba cha usukani na vingine, hujengwa kwa alumini nyepesi na kuzibwa isipitishe maji, ili ikizamishwa iwe kama pipa tupu lililosukumwa chini ya maji. Chombo kikilala kichwa chini, uzito unakuwa juu na hewa iko chini, hali ambayo haiwezi kudumu, nacho hurudi wima chenyewe. Bodi nayo hufumwa kwa mbavu nyingi zinazokatana kama wavu, juu yake sakafu mbili, kwa matumaini kwamba ikigonga fungu itabonyea bila ya kupasuka. Hesabu hiyo ni ya kuaminika. Kasoro yake ni kwamba inahusu kila kitu kilichofungwa ndani ya bodi, na haimhusu aliyeko nje.

Tukirudi kwenye mwaka 1967, kinachoaminika ni kwamba wimbi liliwakuta watu katika wakati ule mbaya kuliko wote, walipokuwa wakihama kutoka boti mtoto kwenda meli mama, au karibu na wakati huo. Hakubaki mtu wa kusimulia. Lakini kukutwa kwa boti mbali na meli, pamoja na meli yenyewe kuwa nzima, kunaonyesha vya kutosha kwamba wazo lile zuri lina bei yake: linazaa wakati wa kuvuka. Kila mara boti mtoto inapotumiwa, watu hutoka katika ulinzi wa bodi moja kwenda katika ulinzi wa bodi nyingine, na kati ya hizo mbili kuna hatua moja au mbili ambazo hazina ulinzi wowote. Shirika halikuliacha wazo hilo, na nadhani lilifanya sawa, kwa kuwa kuliacha kungemaanisha kuwaacha watu wa mafunguni wafe kama wale wa Johanne. Lakini majina ya wale wanne, Paul Denker aliyekuwa kiongozi wao, Hans-Jürgen Kratschke, Otto Schülke na Günter Kuchenbecker, yalipewa vyombo vilivyojengwa baadaye, na sioni kwamba hilo lilikuwa la heshima tu. Mbunifu anayechora chombo chenye jina la mtu aliyekufa kazini anakumbushwa kila siku jambo analotakiwa kulizuia.

Halikuzuilika kabisa. Usiku wa tarehe 1 Januari 1995, Alfried Krupp, meli ya daraja la meta 27.5 ya kituo cha Borkum, ikirejea kutoka katika kazi ya kuwasaidia waokoaji wenzao wa Uholanzi, ilipigwa na wimbi lililoipindua kabisa. Ikajiinua, kama ilivyosanifiwa. Injini zilizimika, mitambo ya mawasiliano ikaharibika, na meli ikabaki kuchukuliwa na bahari. Kati ya watu wanne waliokuwamo, wawili walipotea: kiongozi Bernhard Gruben na fundi mitambo Theo Fischer. Meli ilitengenezwa na kurudi Borkum, ikatumika huko kwa miaka mingine zaidi ya 20, na hao wawili wakawa majina ya meli mpya.

Mabaharia wetu wana msemo: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hutumiwa kumwambia kijana kwamba hata azunguke vipi, atarudi nyumbani. Lakini ukiuchukua kwa maana yake ya chomboni, unalieleza tatizo la Wajerumani hawa kwa usahihi wa kushangaza. Tezi na omo ndiko kwenye kazi: kufunga kamba ya kuvutia, kuteremsha boti, kumpokea aliyeokolewa. Ngamani, ndani ya tumbo la chombo, ndiko kwenye uhai. Ubunifu wa miaka ya karibuni umekuwa ni kufupisha safari kati ya hayo mawili. Viti vya usukani vina mikanda na vimetengenezwa kumeza mshtuko wa mawimbi, ili mtu asirushwe kwenye dari chombo kikilala. Mitambo imepangwa iweze kuendeshwa kutoka kitini. Na anayelazimika kutoka nje hufungwa kwa kamba kwenye reli zinazozunguka sitaha. Haya si mambo ya kupigiwa picha kama mizinga ya maji ya kuzimia moto, ila ndiyo ambayo ningeyauliza kwanza kama ningekuwa mke wa baharia wa Borkum.

Majirani wamechagua njia nyingine. Waingereza, ambao shirika lao la RNLI lilianza mwaka 1824, hutegemea zaidi boti fupi, hata zile kubwa zao za daraja la Severn zikiwa za meta 17 hivi, zinazotoka bandarini zinapoitwa, zikiwa na mabaharia ambao wengi wao ni wa kujitolea. Waholanzi wameendeleza boti zenye kola ya mpira kuzunguka bodi na injini za kurusha maji badala ya pangaboi, nyepesi na za kasi, zinazoweza kuingia mafunguni bila ya kuhitaji boti mtoto. Ukizitazama kwa macho ya 1967, boti za Waholanzi zinafuta ule wakati wa kuvuka kabisa. Kwa nini Wajerumani hawakuwafuata? Jibu langu ni kwamba Mjerumani anataka meli iwe pia nyumba. Katika meli zake kubwa mabaharia walioajiriwa huishi melini kwa zamu ya siku 14, wakipika, wakilala na kufanya matengenezo humo, na wanaweza kukaa baharini kungojea hatari kabla haijatokea. Boti iliyo nyepesi kiasi cha kuruka juu ya fungu haiwezi kuwa pia na jiko, vitanda na chumba cha mgonjwa. Kila upande umelipa kwa ulichokichagua.

Waajiriwa hao ni wachache, takriban 180. Wengine zaidi ya 800 ni wa kujitolea, wavuvi, mafundi na watu wa maofisi, ambao huendesha boti ndogo zilizotawanyika katika vituo vya pwani. Kwa jumla kuna vyombo vipatavyo 60 katika vituo takriban 55, kuanzia mpaka wa Uholanzi hadi mpaka wa Poland, kwa kuwa pwani ya iliyokuwa Ujerumani Mashariki ilirudi mikononi mwa shirika hili mwaka 1990. Tangu mwaka 1982 upo mkataba unaolikabidhi shirika jukumu la nchi nzima la utafutaji na uokoaji wa baharini, jambo ambalo katika mataifa mengi lingekuwa la askari au la wizara. Hata hivyo halichukui fedha za kodi kuendesha kazi hiyo. Hutegemea michango na wosia, na alama yake inayojulikana zaidi ni kisanduku chenye umbo la mashua ndogo, kilichoanza kutumika mwaka 1875 na ambacho leo kiko katika maelfu ya mikahawa, maduka na vinyozi, hata katika miji ya milimani ambako mtu huweza kuzeeka bila ya kuiona bahari.

Wapo wanaoliona jambo hili kama mapambo ya kupendeza tu. Mimi naona limeingia hadi ndani ya michoro. Fedha ya hisani haina bajeti ya mwaka inayopaswa kumalizwa kabla ya Desemba, wala haina waziri anayetaka kuzindua kitu kipya kabla ya uchaguzi. Ndiyo maana meli hujengwa ili idumu miaka 30 na kufanyiwa marekebisho kila inapopatikana funzo jipya. Kwa upande mwingine, mtoaji hupenda kuliona jina lake kwenye omo. Eiswette ya daraja la meta 20, kwa mfano, ina jina la karamu ya kila mwaka ya matajiri wa Bremen iliyoanza mwaka 1829 kama dau la kubashiri iwapo mto Weser utaganda, na ambayo huchangisha fedha kwa ajili ya waokoaji. Meli mpya ina jina la kutoa, na kiti chenye mkanda hakina. Sina ushahidi kwamba hilo limewahi kupotosha uamuzi wowote, ila ni kishawishi ambacho wasimamizi wa fedha za hisani popote duniani wanakijua vizuri.

Swali linaloulizwa siku hizi ni kama meli zenyewe bado zina kazi, wakati jeshi la wanamaji la Ujerumani lina helikopta za uokoaji. Helikopta hufika haraka na haijali kina cha maji. Lakini mafuta yake huisha, haiwezi kuivuta jahazi iliyokufa injini isipande fungu, haizimi moto, wala haiwezi kukaa usiku kucha kando ya meli ya mizigo inayovuja. Sehemu kubwa ya safari karibu 2,000 ambazo vyombo hivi hufanya kwa mwaka ni za namna hiyo, misaada ya mapema ambayo huzuia ajali isiwe habari. Mwaka 1995, katika ajali ya Alfried Krupp, helikopta na meli zilihitajiana, na hata kwa pamoja hazikutosha.

Wasomaji wa pwani yetu wana sababu yao ya kulijua jina la Ujerumani katika jambo hili. Ni katika mji wa Hamburg, mwezi Aprili 1979, ndipo mataifa yalipopitisha mkataba wa kimataifa wa utafutaji na uokoaji baharini, uliofuatiwa na kugawanywa kwa bahari yote ya dunia katika maeneo, na ulioitaka kila nchi ya pwani ijue ni nani anayeitika inapoombwa msaada. Kituo cha kanda kilichofunguliwa Mombasa mwaka 2006 kwa ajili ya magharibi mwa Bahari ya Hindi ni tunda la mkataba huo, kama kilivyo cha Bremen kinachozipokea simu za Ghuba ya Ujerumani. Kituo hupokea wito, hukadiria mkondo na upepo, huita vyombo vilivyo karibu. Kinachofika kwa mtu aliyeko majini ni chombo, na umbo la chombo hicho ni lazima liwe limeamuliwa na mtu aliyeijua bahari ya mahali pale.

Katika mji wa Emden, meli ndugu ya Adolph Bermpohl iitwayo Georg Breusing imetiwa nanga kama jumba la makumbusho. Mgeni anaweza kusimama tezini na kutazama mfereji ambamo boti mtoto ililala. Ukitoka pale hadi mlango wa chumba cha usukani ni hatua chache tu, ambazo mtu huzimaliza kabla ya kuhesabu hadi kumi, maji yakiwa yametulia.